Mwanzi wa Kaku na Fimbo Mpya ya Binti Yangu

Binti yangu alikifungulia kifurushi chake uani kwetu Shituru, mjini Likasi, jioni moja ya kiangazi, huku jirani yetu akichungulia juu ya ukuta. Kifurushi chenyewe kilikuwa kifupi, nami nilidhani amenunua mwavuli. Akavuta ncha. Ikatoka pingili moja, na ndani yake nyingine nyembamba zaidi, na nyingine tena, mpaka kile kitu kikavuka uwanja mzima na kugusa nguo tulizoanika upande wa pili. Kilikuwa cheusi, kinang'aa, na chepesi hata akakishika kwa vidole viwili kama anayeshika kalamu.

Mama yangu alikuwa amekaa mlangoni, miguu juani, bakuli la matembele mapajani. Akaacha kuchambua majani.

"Ni nini ile?"

"Ni fimbo ya kuvulia samaki, Koko," binti yangu akamjibu. Watoto wa siku hizi huwaita bibi zao hivyo. "Ya kisasa. Nitaenda nayo mto Lufira samedi hii."

Mama akaitazama ile fimbo kutoka shina hadi ncha, halafu akasema polepole, "Hii haiwezi kutoa muntu mu mayi." Akainuka kwa shida, maana mabega yake yamechoka siku hizi, akaingia ndani na bakuli lake.

Binti yangu akacheka. "Mama, Koko anasema nini? Nani anatolewa majini na fimbo ya kuvulia?"

"Mimi," nikamwambia.

Hapo kicheko kikamwishia, akataka kujua. Basi nikusimulie na wewe, rafiki yangu, kama nilivyomsimulia yeye, ila kwako nitakwenda taratibu zaidi, kwa kuwa nawe najua ulikuwa na likizo zako na bibi yako.

Nilipokuwa mtoto, likizo kubwa ilikuwa na maana moja tu: Koni. Shule ikifungwa, baridi ya Julai ikiwa imeshika, Mama alifunga nguo zangu ndani ya kitenge na kunipakia kwenye lori lililopeleka vyakula kwa wafanyakazi wa kituo cha umeme cha huko, kando ya mto Lufira. Niliacha nyuma ving'ora vya kiwanda, ile harufu kali iliyokwaruza koo, na baba yangu aliyetoka kazini na vumbi kwenye nyusi. Nilipokewa na mjomba, kaka yake Mama, aliyefanya kazi kwenye mitambo, na nyuma yake alisimama bibi yangu, mama yao, ambaye sisi watu wa asili ya Kasai tulimwita Kaku.

Koni kulikuwa na mvumo. Sijui niueleze vipi. Maji yaliyoanguka na mitambo iliyozunguka vilitoa sauti moja nzito, isiyokatika mchana wala usiku. Siku ya kwanza inakuzuia kulala. Baada ya hapo huisikii tena, na ukirudi nyumbani unalala vibaya kwa sababu haipo. Asubuhi ukungu ulipanda kutoka mtoni na kufunika nyumba za wafanyakazi mpaka madirishani. Nilifagia uwanja nikiwa nimejifunga shali, nikapuliza mbabula, lile jiko letu la makaa, mpaka macho yakalia, kisha Kaku alinipa chai na bukari wa jana, ule ugali wetu, uliobanikwa. Ganda lake lililoungua kidogo lilikuwa na utamu ambao sijaukuta tena kwenye mkate wowote.

Kazi zikiisha, tulikwenda kuvua.

Kaku alikuja Katanga kwa treni akiwa bibi harusi, kumfuata babu aliyeandikwa kazi ya mgodi. Kwao wanawake walivua kwa vikapu. Fimbo alifundishwa na babu, na babu alipofariki aliurithi mwanzi wake. Wanaume wa Koni hawakuzoea kuona mwanamke mzee na mwanzi begani, na wengine walimwuliza kwa mzaha kama hana bukari wa kusonga. Yeye aliwajibu bila kugeuka: "Samaki haiulizi nani anakamata mwanzi."

Mwanzi ulikuwa mrefu na mzito, umekaushwa juu ya moshi wa jikoni hadi ukawa na rangi ya kahawa. Haukuwa na gurudumu la kuviringia uzi. Uzi wa nailoni ulifungwa moja kwa moja kwenye ncha, urefu sawa na mwanzi wenyewe, na samaki walio mbali zaidi ya hapo uliwaaga tu. Boya lilikuwa kizibo cha chupa ya divai ya misa. Mtunza sakristia alimwekea Kaku vile vizibo, naye alivitoboa kwa msumari wa moto na kupitisha unyoya wa kanga katikati, ili boya lisimame wima majini. Chini yake alibana kipande kidogo cha risasi, halafu ndoana, halafu mnyoo au donge la bukari. Ukitaka chambo kizame zaidi, ulisukuma kizibo juu kwenye uzi kwa kidole. Ni hayo tu. Padri alipopata habari kwamba vizibo vyake viko Lufira alicheka sana, na tangu siku hiyo alimwuliza Kaku kila Jumapili kama samaki wameanza kusali.

Tulikaa mahali mto ulipojipinda na maji kutulia, mbali na kishindo cha kituo. Juu ya mwamba wetu Kaku alitandika gunia, akaniwekea chupa ya munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi, kivulini, akarusha. Kizibo kilitua, kikayumba, kikasimama. Halafu hakukuwa na la kufanya ila kukitazama. Kama umewahi kutazama boya na mtu unayempenda, huhitaji nikueleze zaidi.

Lakini macho ya Kaku yalikuwa yanakwenda. Ukungu mweupe ulikuwa umeingia kwenye mboni, kwanza jicho moja, kisha jingine. Likizo moja nilimkuta ananipapasa uso kabla ya kunisalimu. Mtu asiyeona hawezi kuvua kwa boya, utasema. Mjomba naye alisema hivyo. Kaku hakutaka kusikia. Jirani mmoja, kijana aliyependa kujipamba, alinipa mabaki ya rangi yake ya kucha, nikapaka kizibo chote chekundu. Haikusaidia kitu. Basi nikawa macho yake. Yeye alishika mwanzi, mimi nilikaa ubavuni pake na kusema yanayotokea majini.

"Iko inafanya nini?"

"Imesimama, Kaku."

"Na sasa?"

"Inacheza kidogo."

"Wacha icheze."

"Inaenda chini! Kaku, inaenda chini!"

Hapo mwanzi uliruka juu, na perege akaja akimeta, na Kaku akacheka kwa sauti ya msichana. Baadaye aligundua kwamba hata mimi nikinyamaza, mwanzi ulimwambia mengi. Aliulaza pajani, akauwekea vidole, akahisi mguso wa samaki kabla sijaona kizibo kikitikisika. Alifurahi kunishinda. Mimi nilinuna.

Siku yenyewe tulitoka asubuhi, mjomba akiwa kazini. Kizibo hakikuzama. Kiliteleza upande, kwa haraka, kama kinachovutwa na mtoto mtukutu. Nilipiga kelele, Kaku akavuta, na mwanzi ukapinda kuliko nilivyowahi kuuona. Samaki yule, kambare bila shaka, alikimbilia kwenye mizizi iliyokuwa chini ya ukingo, na uzi ukanasa.

"Umeshikwa ku muti," nikamwambia. "Naenda kuutoa."

"Angalia miguu yako."

Nilikuwa nimefanya hivyo mara nyingi. Nilishuka jiwe la kwanza, nikakanyaga la pili, na la pili lilikuwa na utelezi wa kijani. Sikumbuki kuanguka. Nakumbuka baridi iliyonifunga kifua, na maji yaliyotulia juu yakawa na nguvu chini, yananivuta miguu kuelekea kilindini. Mkono wangu mmoja ulipata mzizi. Ulikuwa mwembamba na uliteleza.

Kaku hakupiga mayowe. Hilo ndilo lililomshangaza binti yangu nilipomsimulia, nami linanishangaza hadi leo. Aliuvuta mwanzi nyuma mpaka akafika nchani, akakata uzi kwa meno, akalala kifudifudi kwenye mwamba, akageuza mwanzi shina likawa mbele, akaanza kulipitisha juu ya maji huku na huku, kama anayefagia.

"Niite!" akasema. "Usinyamaze, mutoto! Niite!"

Nikaita. Maji yakaniingia kinywani.

"Niite tena!"

"Kaku!"

Shina la mwanzi lilikuja kuifuata sauti na kunigonga juu ya jicho. Kovu lake hili hapa. Niliachia mzizi nikalikumbatia kwa mikono yote miwili, na yeye akavuta, fundo kwa fundo, huku akiomba kwa Kiluba. Nilisikia mwanzi ukilia, ukapasuka kwa urefu wake, lakini haukukatika. Aliponifikisha kwenye mwamba alinipapasa kichwa, masikio, vidole vyote, kama anayehakikisha hakuna kilichobaki mtoni. Halafu akanipiga kofi la mgongo, akavua kitenge chake, akanifunika, na tukalia wote wawili mpaka jua likatukausha.

Hakuficha. Jioni ile ile alimwambia mjomba, na mjomba akapeleka habari Likasi. Kesho yake Mama alishuka kwenye lori, hata mkoba hakubeba.

"Mama, macho yako imekufa," alisema, "na unapeleka mutoto yangu ku mayi? Mutoto yangu mumoja?"

Mjomba alitaka kusema kwamba mikono ya Kaku ndiyo iliyoniokoa. Kaku akamzuia kwa kiganja.

"Njo vile," alijibu. "Uko na haki. Muchukue."

Mama alituchukua wote wawili. Alisema hawezi kumwacha mzee asiyeona karibu na mto. Mwanzi ulifungwa juu ya mizigo ya lori, kwa sababu Kaku hakukubali kupanda bila huo, na tulipofika Shituru Mama aliupa kazi nyingine: aliusimamisha katikati ya uwanja, ushikilie kamba ya kuanikia nguo.

Ule ndio wakati mgumu ninaoukumbuka wa nyumba yetu. Mama na Kaku walisalimiana, wakala pamoja, wakaenda misa pamoja, na hawakuzungumza. Kaku alikaa ukutani akisikiliza ving'ora. Bukari aliumega kidogo na kuurudisha. Mara nyingine, kila mtu akiwa ndani, nilimwona akitembea mikono mbele mpaka aguse ule mwanzi, na kuutikisa kidogo, polepole, shuka zetu zikicheza juu yake. Nadhani Mama naye aliona, maana siku moja nilimkuta amesimama nyuma ya pazia na kijiko mkononi, chungu kinaungua.

Mwalimu wangu ndiye aliyeleta habari. Alitangaza darasani kwamba madaktari wa macho watakuja kwenye hospitali ya masista, na wazee wenye ukungu wa mboni wapelekwe kufanyiwa upasuaji. Nilikimbia nyumbani na daftari kichwani. Mama alinisikiliza huku akifuta mikono. Alfajiri ya siku iliyotangazwa nilipoamka, kitanda cha Kaku kilikuwa kitupu. Mama alikuwa amemshika mkono na kwenda naye kwa miguu kabla ya misa ya kwanza, ili wawe wa mbele.

Walipomfungua bandeji nilikuwepo. Kaku alipepesa macho kama mtu aliyeamshwa, akamtazama Mama muda mrefu, kuanzia kilemba mpaka viatu.

"Mwanangu," akasema, "umekonda hivi, na hakuna mutu aliniambia?"

Mama akapiga magoti, akaficha uso mapajani pake, pale pale mbele ya sista. Mimi nilitazama dirishani, kama watoto wanavyofanya wakubwa wanapolia.

Nyumbani, Kaku alisimama uani, akaona mwanzi na nguo zilizoning'inia.

"Nani anaanika caleçon yake ku mwanzi ya bwana yangu?"

Baba, mwenye hiyo chupi, alikimbilia ndani. Tulicheka mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini. Mama ndiye aliyeziondoa zile nguo. Aliufunga mpasuko wa mwanzi kwa waya wa shaba, akiukaza kwa koleo la Baba, na wiki ile ile Kaku akarudi Koni. Likizo iliyofuata niliruhusiwa kwenda tena, kwa sharti nikae mbali na ukingo. Kaku alikitazama kile kizibo chekundu, ambacho mjomba alikiokota mizizini pamoja na uzi, akasema hajawahi kuona boya baya hivyo, na akakataa kukibadilisha.

Ila Mama mwenyewe hakuja mtoni. Si mwaka ule, wala mwingine wowote. Kaku alivua mpaka alipozeeka kabisa, akafa kitandani mwake msimu wa mvua, na hata wakati wa mazishi Mama alipita barabara ya juu ili asiuone mto. Mjomba alistaafu akahama. Mwanzi ulisahauliwa barazani, mchwa wakaula. Kichaka cha mianzi cha misheni, ambako fimbo kama ile zilikatwa, kilifyekwa. Mtunza sakristia hayupo, na chupa za divai siku hizi zina vifuniko vya kuzungusha.

Ndiyo hayo niliyomwambia binti yangu, usiku umeshaingia na ile fimbo nyeusi imelala kati yetu. Kesho yake nilimwona akipakia garini kamba ndefu na mpira wa ndani wa tairi la lori, ameujaza upepo.

"Koko ana haki," aliniambia. "Ukivuta mutu na hii fimbo, itakatika. Kila kintu na kazi yake."

Jumamosi hiyo asubuhi tulipotoka, Mama alikuwa tayari amekaa kiti cha mbele, amevaa kilemba chake cha kanisani.

"Nakuja kuangalia ninyi," alisema, akitazama mbele. "Mutu mumoja lazima abakie na akili."

Mvumo bado upo Koni. Niliusikia kabla hatujaona kitu, nikafungua kioo niusikie vizuri. Ukingo umebadilika, mwamba wetu umezibwa na matete, na wavuvi tuliowakuta walisema samaki si wengi kama zamani na wala si wakubwa. Tulipata mahali pa wazi, tambarare. Mama aliweka kiti chake mbali kabisa, karibu na gari, mikono imefungwa kifuani.

Nami nikaijaribu fimbo mpya, kwa moyo mweupe, kama ningeonja chakula cha mkwe. Nitakuambia ukweli. Ni nzuri. Uzi unapita kwenye pete ndogo mpaka kwenye gurudumu, kwa hiyo boya linakwenda mbali, kule tulikowaaga samaki wetu. Samaki mkubwa akikimbia, gurudumu linamwachia uzi kidogo kidogo, hamhitaji kushindana nguvu. Boya lenyewe ni jembamba, lina ncha ya njano inayoonekana hata kwenye mng'ao wa jua, na linalala ubavu likiguswa kidogo tu. Kwa mwanzi wa Kaku mkono wangu ulikufa ganzi kabla ya saa sita. Hii nilisahau kama nimeishika. Lakini mchanga ukiingia kwenye maungio inakwama, ukiikanyaga umeipoteza, na ikivunjika hutaifunga kwa waya wa shaba. Mwanzi ulipita moshini, mtoni, kwenye kamba ya nguo, ukarudi mtoni. Hii binti yangu huifuta kwa kitambaa kama miwani.

Alikuwa akiifuta hivyo hivyo alipogeuka na kumwona Mama anatazama. Hakuniuliza mimi. Alimwendea, akaiweka mikononi mwake.

"Shika tu, Koko. Ona vile iko nyepesi."

Mama, ambaye siku hizi hainui hata ndoo nusu, aliinyanyua. Akashangaa. Akainyanyua tena. Binti yangu akamshika kiwiko, wakasogea taratibu, wakisimama kila baada ya hatua chache, mpaka ukingoni. Binti alirusha, akamrudishia fimbo. Boya likasimama. Mama akalitazama kwa namna ambayo sijawahi kumwona akitazama kitu cha mtoni, uso mkali kwanza, kisha mdomo ukaanza kufunguka.

"Inacheza," alinong'ona. "Nifanye nini? Inacheza! Weye, nifanye nini?"

"Wacha icheze," nikasema.

Ncha ya njano ikapotea. Mama akavuta kwa mikono yote miwili, akapiga kelele zilizorusha ndege kwenye matete, na perege mdogo, si mkubwa kuliko kiganja, akaja akirukaruka mpaka miguuni pake. Hakutaka tumsaidie. Alimkamata mwenyewe, akamtoa ndoana kwa subira, kama anayemtoa mtoto mwiba, akamtia kwenye ndoo na kumtazama akizunguka.

Halafu akatuona tunamtazama yeye. Akajikaza, akasema mikono yake inanuka samaki. Akamshika binti yangu begani, akainama mpaka kwenye maji, akaosha vidole vyake kimoja kimoja, bila haraka yoyote.